Shangazi, mimi ni wakala wa babu au ni prodyuza wao?

Assalam aleikum shangazi na shikamoo. Natumai u mzima wewe na walokuzunguka. Leo siku ya tatu sijalala vizuri, barua hii nshaifuta mara mbili maana sijui nianzie wapi, nikasema hebu niandike tu kama inavyokuja na wewe utanisamehe ikiwa ndefu.

Mimi ni mtoto wa Wete, Pemba, nina miaka 31, saivi nakaa Unguja kwa mama mdogo huku Kikwajuni. Nilisomea ualimu, nikasomesha skuli moja ya binafsi miaka miwili, mkataba ulipoisha hawakunipa mwengine. Nikapata kazi kwenye duka la vitabu Mji Mkongwe, mshahara mdogo lakini nilikuwa nasoma bure. Sasa ile Oktoba 2021 ilipotangazwa kwamba Abdulrazak Gurnah kapata Nobel, watu walimiminika pale dukani, wageni na wenyeji, wanataka vitabu vyake, na sisi hatuna hata kimoja. Mtu kazaliwa hapa hapa 1948 na duka la hapa hapa halina kitabu chake, shangazi nilisikia aibu kama kwamba kosa ni langu peke yangu. Tangu siku ile nikawa najiuliza kitabu kinatokaje mkononi mwa alokiandika mpaka kikafika rafuni, nani anakipeleka, nani anakisemea.

Kuna bwana mmoja mteja wetu alikuwa na mswada wa riwaya kauweka kabatini miaka tisa. Nikamuomba niusome, nikamwandikia kurasa sita za maoni, akaurekebisha, nikampelekea mchapishaji Dar kwa imeili wakanyamaza, nikapanda boti nikaenda mwenyewe, ukakubaliwa. Akanipa laki moja na nusu akanambia wewe ndo wakala wangu. Mie hata neno lenyewe nilikuwa nalijua kwa wakala wa tigopesa tu. Nikaanza kutafuta mtandaoni wakala wa waandishi ni mtu gani, nikakuta ni kazi kabisa na watu wanaishi nayo huko Ulaya. Tokea hapo nimeshasimamia watunzi wanne.

Wakati huo huo nikajitolea ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, nilianza kwa kupanga viti Ngome Kongwe na kubeba waya, nikajuana na watu wa kamera, wakawa wananiita niwatafsirie, niwatafutie watu wa kuhoji, niwafuatilie vibali, yani fiksa. Mwisho nikatayarisha dokumentari yangu mwenyewe ya dakika 22 kuhusu kina mama wanaolima mwani Paje, ikaoneshwa pahala pawili patatu. Prodyuza ni mie, jina langu liko pale mwisho, nimeliangalia mara mia.

Nyumbani hawaelewi. Mama anasema akiulizwa mwanao anafanya kazi gani hana la kujibu. Mwaka jana ilikuja posa, upande wa mume wakauliza binti ameajiriwa wapi, ami yangu akasema "anahangaika na mambo ya vitabu na kamera", wale watu wakanyamaza na posa ikafa pale pale. Kaka yangu kila tukikutana ananambia mshika mawili moja humponyoka, chagua.

Hilo ni moja. La pili ndo linalonikosesha usingizi.

Kuna mzee upande wa Konde, si babu yangu wa damu lakini sote tunamwita babu, ana miaka 81. Ujanani alikuwa baharia wa majahazi, Mombasa na Lamu kazijua kabla hajaijua Unguja, halafu akarudi kwenye mikarafuu. Ana madaftari 11 ya mashairi na habari za baharini, yote kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chake ni kile cha zamani ambacho mie mwenyewe maneno mengine namuuliza. Mimi na binamu yangu tuna mwaka na nusu tunayahamisha kwenye laptopu, tumefika daftari la saba. Tuliandikiana karatasi kwamba mie ni wakala wake na nitachukua asilimia 15 ya kitakachopatikana. Siku tulipoandikiana akanambia, "mwanangu, nakuachia hizi, zisife na mie."

Sasa kampuni moja ya filamu ya Uingereza, ambayo nilishawahi kuwafanyia ufiksa, wamesikia habari zake (na nilowaambia ni mie mwenyewe kwa furaha zangu) wanataka kumfanyia dokumentari ndefu. Mimi wananitaka niwe prodyuza wao wa huku kwa dola 3,000. Babu watampa dola 500. Wameleta mkataba kurasa 14 za Kiingereza, ndani yake umeandika kwamba babu anawapa haki zote za maisha yake na maandishi yake yote, dunia nzima, milele, kwa njia zilizopo na zitakazokuja kubuniwa. Nikawaandikia kuuliza mbona na maandishi, wakanijibu ni mkataba wa kawaida tu kila mtu anasaini. Wanataka saini kabla ya mwisho wa mwezi ili wawahi msimu wa karafuu.

Ami anasema dola 500 kwa mzee wa Konde ni neema na mie nisilete kiburi. Babu hajui Kiingereza, kanambia "wewe ukiona sawa nitatia saini", na hilo ndo linaloniua shangazi. Nikizikataa nakosa pesa ambazo sijawahi kuzishika maishani na jina langu kwenye filamu kubwa. Nikikubali najiona kama nimemuuza. Niseme nini, na je hii yangu ni kazi kweli au nitafute ajira serikalini kama wenzangu?

Mtoto wa Wete

*

Wa aleikum salaam mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya pili nilisimama pale babu aliposema "wewe ukiona sawa nitatia saini". Nianze hapo, ya mama na posa nitayarudia.

Nikwambie kwanza kwa nini jambo hili linanigusa. Nilipokuwa mdogo kuna mgeni alikuja kwetu na rikoda kumrikodi bibi yangu ngano, nyingine alikuwa anazijua yeye tu, alikaa nasi wiki nzima tukampa chumba na chakula. Kaseti sita ziliondoka nyumbani kwetu. Alisema atatuletea kopi. Bibi alikufa hatujaiona kopi, hatujui zimo kwenye kabati la nani, na mie leo ngano zile nakumbuka vipande vipande tu. Yule mgeni hakuwa mtu mbaya, tulimpenda, ila hapakuwa na mtu hata mmoja nyumbani ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza zinakwenda wapi. Mtu huyo kwa babu yako ndo wewe.

Sasa hebu tulitazame hili la wakala. Huku kwetu neno hili limechanganyika na dalali. Dalali wa nyumba anakula kwa mwenye nyumba na anakula kwa mpangaji, na sote tunajua ndo desturi, hakuna anayelalamika. Wakala wa mwandishi siyo hivyo, yeye ni wa upande mmoja. Kazi yenyewe ilianza kupata sura London miaka ya 1870 na bwana mmoja Mskoti akiitwa A. P. Watt, alikuwa anachukua asilimia 10 ya anachopata mwandishi, leo kawaida imekuwa 15, na tafsiri za nje mara nyingi 20 kwa sababu kuna wakala mwengine wa kule anagawana naye. Uzuri wa mpango huu ni kwamba mwandishi akipata kingi na wakala anapata kingi, akikosa na wewe umekosa, ndo maana wakala wa kweli hachukui pesa ya kusoma mswada wala ya kujaza fomu. Tumbo lako na lake limefungwa pamoja.

Prodyuza je? Prodyuza ana bajeti. Kila anacholipa kinatoka kwenye bajeti ile, na haki za mtu ni gharama kama zilivyo kodi ya kamera na tiketi za boti. Prodyuza mzuri anazipata haki nyingi kwa pesa kidogo, siyo ubaya, ndo kazi yake alivyoajiriwa. Sasa mwanangu, asubuhi wewe ni wakala unataka babu apewe zaidi, jioni wewe ni prodyuza unataka bajeti itoshe, usiku unalala na nani? Ndo maana hulali.

Na usidhani ni wewe tu mtoto wa Wete umeingia humu. Aprili 2019 kule Marekani waandishi wa filamu na tv zaidi ya 7,000 waliwaacha mawakala wao kwa pamoja, siku chache tu, kwa sababu hii hii yako. Mawakala wakubwa walikuwa wanachukua malipo kutoka kwa studio kwa kuzifungashia miradi, yani kuwakusanya mwandishi, muongozaji na waigizaji wao na kuwauza kwa pamoja, tena wakaanza kumiliki kampuni za kutengeneza filamu wao wenyewe, waandishi wakauliza nyinyi mnatusemea sisi au mnatuajiri? Ugomvi ule ulikwenda mpaka Februari 2021 wakala mkubwa wa mwisho alipotia saini, wakakubaliana malipo yale ya kufungasha yakome na kampuni ya uwakala isimiliki zaidi ya asilimia 20 ya kampuni ya kutengeneza. Wale wana wanasheria ghorofa nzima na bado iliwashinda kuyafanya mawili kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Wala huna haja ya kwenda Marekani. Muulize sheikh yeyote wa hapo kwenu akusomeshe mlango wa wakala kwenye fiqhi yetu ya Shafii, atakwambia mtu alowakilishwa kuuza mali ya mwenzake hajiuzii mwenyewe. Hata akiwa mwaminifu. Wazee waliliona jambo hili zamani sana, kwamba mtu hawezi kupatana bei na nafsi yake.

Kwa iyo jibu langu kwa mradi huu mmoja ni hili, na nitalisema wazi maana hujaniandikia nikuzungushe: kwa babu wewe ni wakala kwanza. Amana ile ilitangulia. Dola 3,000 usizikubalie bado, na mkataba ule kama ulivyo usimpelekee babu atie saini. Waandikie kwamba wewe unamwakilisha mzee, kwamba mazungumzo ya haki zake utayafanya kwa niaba yake, na kwamba habari ya wewe kuwa prodyuza itazungumzwa baada ya mkataba wake kukamilika na mtu mwengine asiyelipwa na filamu kuusoma kwa ajili yake. Kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, wana ofisi mpaka Chake, nenda na kurasa zako 14 ukaombe mwanasheria akae na babu. Baada ya hapo babu mwenyewe akisema huyu mtoto namtaka awe prodyuza, na amejua unalipwa shilingi ngapi, jina lako liandikwe na pesa uchukue, ila katika pesa za babu za filamu ile usikate asilimia 15. Huwezi kula huku na huku. Wenye heshima katika kazi hii ndo wanavyofanya, akilipwa kama prodyuza anaacha kamisheni.

Watakwambia wamechelewa, msimu wa karafuu utapita. Karafuu zitakuja tena. Mkataba wa milele ukishatiwa saini ndo hautoki.

Tuje kwenye mkataba wenyewe, maana hapa ndo penye nyama na hapa ndo wengi wetu tunapoliwa. Filamu ya dokumentari kuhusu mtu inahitaji nini khasa? Inahitaji idhini ya mtu kupigwa picha na sauti yake kutumika. Inahitaji ruhusa ya kusomwa mashairi fulani ndani ya filamu, matatu, matano, yatajwe kwa majina. Basi! Haihitaji kumiliki madaftari 11. Kumrikodi mtu akisoma shairi lake ni kitu kimoja na kulimiliki shairi ni kitu chengine, kama vile kuazima kisima cha mtu uchote maji ya harusi, hukununua shamba. Kwa iyo maandishi yatoke kabisa kwenye mkataba ule, waandike kwamba wanapewa ruhusa ya kutumia mashairi kadha wa kadha ndani ya dokumentari hii na matangazo yake, na kwamba haki ya kuyachapisha, kuyatafsiri, kuyaimba na kuyafanyia filamu ya kuigiza inabaki kwa babu na warithi wake.

Wakitaka zaidi ya hapo, tuseme wanataka baadae kufanya filamu ya kuigiza kwa habari zake za baharini, hiyo ina jina lake, inaitwa opsheni. Wanalipa pesa kushika nafasi kwa muda, kawaida mwaka mmoja au mwaka na nusu, hawakutengeneza muda ukaisha, haki inarudi kwa mwenyewe na pesa walolipa harudishi. Mkataba wowote usio na siku ya haki kurudi usiupende.

Na nitakwambia kwa nini nalisisitiza hili la kurudi. Vitabu vina tabia ya kukaa kimya halafu vikaamka. Tazama Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kitabu kilitoka 1999, filamu yake alokuja kuitengeneza Amil Shivji ikaoneshwa Toronto 2021, miaka 22! Mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar. Tazama na kitabu cha Gurnah cha 1994, Paradise, Kiswahili chake, Peponi, alichokitafsiri Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota, tumekuja kukipata 2022, miaka 28 baadae, na lugha yenyewe ni ya nyumbani kwake. Babu yako ana miaka 81, Mungu amzidishie, mavuno ya madaftari yale pengine watayaona wajukuu. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994 na humo haki ya mtunzi inaendelea angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa iyo hizo dola 500 hapewi yeye peke yake, wanapewa na watoto wake na watoto wa watoto wake kwa nusu karne, wagawanye uone kila mmoja anapata nini. Na waite watoto wake wakae kikao hicho, usije ukaonekana mgeni ulokuja kuchukua daftari la baba yao.

Kabla ya yote hayo, wiki hii hii, piga picha kila ukurasa wa kila daftari, uweke kopi pahala patatu tofauti, moja iwe kwa babu. Kisha nendeni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, mkaziandikishe kazi zake. Haki ya mtunzi haizaliwi na cheti, inazaliwa pale kalamu inapogusa karatasi, lakini siku ya ugomvi cheti kinasema wakati watu wanabisha. Kampuni nayo waulize kibali chao cha kupiga picha kutoka BASSFU, baraza la sanaa na filamu la Zanzibar, kiko wapi, wewe ni fiksa unalijua hili kuliko mie.

Jambo jengine, waambie babu aoneshwe filamu kabla haijatoka. Sikwambii wampe haki ya kukata wasichokipenda, watengenezaji wengi wa dokumentari hawaitoi na wana sababu zao za haki, lakini kuoneshwa ili kama wamekosea jina la jahazi au wametafsiri shairi vibaya arekebishe, hilo watu wastaarabu hawalikatai. Wakilikataa na hilo utakuwa ushawajua. Na kopi waache Pemba, iandikwe ndani ya mkataba kwamba rikodi nzima ya sauti yake, siyo filamu tu, inakabidhiwa nyumbani. Hili nakuomba kwa ajili ya kaseti za bibi yangu.

Kitabu sasa. Usiache filamu ikameza kitabu. Malizeni madaftari manne yalobaki. Kuna Tuzo ya Safal-Cornell, ile ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, inapokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa na ushairi umo. Ungetia saini ule mkataba wa haki zote ungekwenda kuomba ruhusa Uingereza ili shairi la mzee wa Konde lishindane kwa Kiswahili. Wapelekee BAKIZA pia, Baraza la Kiswahili Zanzibar, wakuangalizie yale maneno ya zamani unayoyauliza, yasije yakasahihishwa na mhariri wa mbali akidhani ni makosa. Haji Gora Haji wa Tumbatu alikuwa mvuvi na baharia kama babu yako na tungo zake za Kimbunga zimechapwa na Kiswahili chake cha kisiwani kimo, kwa iyo usikubali mtu akwambie lahaja haichapwi.

Haya, turudi kwenu sebuleni.

Unaniuliza ni kazi kweli? Ni kazi, mwanangu. Lakini sitakudanganya kwamba inalisha. Tufanye hesabu: mchapishaji akimpa mtunzi wako malipo ya awali milioni mbili, na huku kwetu hiyo ni bahati, asilimia 15 yako ni laki tatu, na malipo yenyewe mara nyingi yanakuja vipande, kipande kwenye saini, kipande mswada ukikamilika, kipande kitabu kikitoka. Laki moja leo, laki moja mwakani. Wachapishaji wetu wengi wanapokea mswada moja kwa moja kwa mwandishi, uwakala wa Kiswahili haujasimama kama ulivyosimama London. Dokumentari nayo pesa inakuja kwa msimu kisha miezi kimya. Ndo sababu ya hayo mara vitabu mara kamera mara tafsiri, huhangaiki, kila kimoja peke yake ni chembamba na ukivisuka pamoja ndo unapata kamba. Kaka yako na methali yake mjibu kwa adabu kwamba hujashika mawili. Ulimsomea yule bwana mswada wake ukaona uzuri alokuwa haoni, uliwasikiliza kina mama wa Paje mpaka wakasema mbele ya kamera, umekaa mwaka na nusu na herufi za babu, yote hayo ni kusikiliza mtu na kumtafutia pahala pa kusikika. Ilobadilika ni chombo tu.

Usome mpaka wa yale mawili, lakini. Kwa watu tofauti, uwe wakala kwa huyu na prodyuza kwa yule, hakuna ubaya wowote. Kwa mtu mmoja ndo pana moto.

Ajira ya serikali siikebehi, mama zenu wanajua kwa nini wanaitaka, wameona mwisho wa mwezi usio na kitu. Kama ukipata kusomesha nusu siku, chukua, utakuwa na nguvu ya kusema hapana kwa mikataba kama huu. Mtu mwenye kodi ya nyumba inayodaiwa anasaini haraka. Na jisajili, nenda BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar, ukaandikishe jina la biashara yako, tengeneza karatasi yenye kichwa, halafu mpe mama sentensi moja ya kusema kwa watu: "Mwanangu anasimamia haki za watunzi na anatayarisha filamu." Aizoee mdomoni. Siku ya kitabu cha yule bwana ulimpa nakala mama? Kama hukumpa, mpe, mfunulie ule ukurasa wa shukurani kama jina lako limo. Ile filamu ya mwani je, ameiona au ameisikia tu? Wakae sebuleni waione, mama na ami na huyo kaka, dakika 22 haziwapotezei kitu.

Ile posa sina la kusema zaidi ya kwamba ami alijibu vibaya kwa kutokujua, usimwekee kinyongo.

Sasa panda boti uende Pemba. Usimpigie simu babu, haya si ya simu. Nenda Konde, kaa naye baada ya Isha na watoto wake wawepo, umsomee mkataba ule kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu, na kile cha milele ukisome polepole. Mwambie na zile dola 3,000 ulizoahidiwa wewe, usimfiche, azijue kutoka mdomoni mwako na si kwa mtu mwengine. Umwambie pia kwamba neno lake la "wewe ukiona sawa" hulitaki, unataka aone mwenyewe. Kisha nyamaza umsikilize.

Na uniandikie amesema nini, nasubiri.